Boma la Mikindani: ngome ya kodi iliyogeuka hoteli

BASI la Dar es Salaam likibakiza kama kilomita 10 kufika Mtwara, abiria huanza kujiandaa. Wenye mizigo hukagua stakabadhi zao. Wanaoelekea Kilambo hupiga simu kuuliza kama kivuko kinavuka, na kina mama wa vitenge huulizia metikali imeamkaje leo. Wakati huohuo barabara inashuka na bahari inatokea ghafla. Kuna mikoko, kuna ngalawa zilizolala ubavu kwenye tope la maji kupwa, kisha juu kidogo, kwenye mteremko wa kilima, jengo jeupe lenye mnara na ukuta uliokatwa menomeno kwa juu. Wengi hulitazama dirishani kwa sekunde chache tu, na kabla simu haijapokelewa Mikindani imeshapita.

Ni jambo la kusikitisha kidogo, kwa sababu kama kuna mtu anayestahili kushuka hapa ni mfanyabiashara wa mpakani, kumzidi hata mtalii. Jengo lile lilijengwa kwa ajili yake au, kwa usahihi zaidi, kwa ajili ya mfuko wake.

Wajerumani walilijenga mwaka 1895 liwe ngome na makao ya utawala wao katika sehemu hii ya pwani ya kusini. Waliliita Boma, kama walivyoyaita mengine yote, na jina hilo limeganda mpaka leo katika miji mingi ya Tanzania, ambako mtu akiitwa bomani anajua ameitwa na serikali. Kwa zaidi ya miaka 50 wenyeji wa Mikindani walipanda kilima hiki kulipa, kushtakiwa, kuombea kibali au kupokea amri. Siku hizi anayepanda ni mgeni mwenye begi, naye hupokelewa kwa kinywaji baridi.

Ukilifikia, kinachokushika kwanza ni unene wa kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, namna ileile ya nyumba za kale za Waswahili kutoka Lamu hadi Kisiwa cha Msumbiji. Nje jua linachoma, lakini ukivuka kizingiti unakutana na ubaridi kama wa msikiti wa zamani. Katikati kuna ua ulio wazi, vyumba vimeuzunguka, na ngazi zinapanda kwenye ghorofa na mnara. Vyumba vya kulala ni vichache, dari zake ziko juu, na vitanda vimefunikwa vyandarua. Bustanini kuna bwawa la kuogelea, ambalo bila shaka halikuwa katika ramani ya mwaka 1895.

Mnarani ndiko penye faida. Kutoka hapo ghuba yote inaonekana, karibu duara kamili, na mlango mwembamba wa kutokea bahari kuu. Anayesimama pale anaona kila jahazi linaloingia na kila msafara unaoshuka kutoka uwanda wa Makonde. Hakuna haja ya kueleza kwa nini Mjerumani alichagua kilima hiki. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri kukaguliwa mzigo anaelewa palepale.

Mji ulioishi kwa biashara

Utafiti wa mambo ya kale umeonyesha kuwa watu wamekaa kandokando ya ghuba hii kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mikindani haikuwahi kuwa Kilwa. Ilikuwa mji wa daraja la pili, wa majahazi ya kati na faida za kati, lakini kila kilichouzika kilipita hapa. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara. Watu pia walishushwa kwa minyororo kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ingawa sehemu kubwa ya biashara hiyo chafu ilikwenda Kilwa Kivinje. Chini ya Boma, karibu na barabara, lipo jengo ambalo wenyeji huliita Soko la Watumwa. Limekarabatiwa, na wageni hupelekwa kuliona.

Sultani Barghash wa Zanzibar alipopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari mwaka 1873, wafanyabiashara wa kusini hawakukunja mikeka. Waligeukia mpira wa porini, ambao katika miaka ya 1880 ulileta fedha nyingi pwani hii. Nyumba kadhaa za ghorofa zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, ambazo mgeni huzipiga picha leo, ni kumbukumbu ya zama hizo, wakati Wahindi walipokopesha, Waarabu na Waswahili walipoandaa misafara, na watu wa bara walipoleta mali.

Mgeni mashuhuri kupita hapa ni David Livingstone, mwezi Machi 1866, akianza safari yake ya mwisho. Wengi hulijua hilo, kwa kuwa ipo nyumba yenye kibao cha jina lake. Kinachozungumzwa kidogo ni sababu iliyomfikisha Mikindani. Mpango wake ulikuwa kushukia mdomo wa mto Ruvuma, lakini tope na mikoko vilimshinda kuteremsha wanyama wake: ngamia, nyati, nyumbu wa kubebea mizigo na punda. Ikabidi apande kaskazini kutafuta bandari yenye ufuko unaokanyagika. Aliwachukua wanyama hao ili ajaribu kama wangestahimili mbung'o, na wengi walikufa njiani. Miaka zaidi ya 150 baadaye, mtu anayesimama Kilambo na mzigo wake akitazama kina cha maji ya Ruvuma anamwelewa mzee yule bila kusoma kitabu chochote.

Kodi, mpaka na mtu aliyekataa

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifika kuikamata forodha ya pwani mwaka 1888, baada ya kuikodi kwa Sultani. Mambo hayakwenda kama ilivyoandikwa kwenye mkataba. Pwani nzima ililipuka, na maofisa wake wa Lindi na Mikindani wakakimbia. Ilibidi serikali ya Ujerumani yenyewe imtume Hermann von Wissmann na jeshi. Mwezi Mei 1890 aliiteka miji ya kusini mmoja baada ya mwingine: Kilwa, Lindi, kisha Mikindani.

Kutwaa mji ni jambo moja, kutwaa biashara ni jambo jingine. Katika uwanda wa Makonde aliishi Machemba, mkuu wa Wayao, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara yake. Mwaka huohuo wa 1890 Wissmann alimtaka aje kusalimu amri. Machemba alijibu kwa barua, tena ya Kiswahili, kwamba kwa urafiki yuko tayari, lakini kuwa raia wa mtu mwingine hapana. Alisimama na neno hilo kwa miaka tisa. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898 alikataa kuilipa, na mwaka uliofuata majeshi yakamfuata. Alifanya kile ambacho watu wa Ruvuma wamekifanya kila serikali ya upande mmoja inapokuwa kali: alivuka mto akaingia Msumbiji.

Mto huo ulikuwa umefanywa mpaka mwaka 1886, kwa makubaliano ya Wajerumani na Wareno ambayo Mmakonde yeyote hakuulizwa. Hata wenyewe hawakukubaliana vizuri. Mwaka 1894 Wajerumani walikichukua kipande cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma, Pembetatu ya Kionga, na hakikurudi mikononi mwa Wareno mpaka mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea. Mfanyabiashara anayevuka Kilambo kuelekea Palma hupita katika nchi hiyohiyo, pengine bila kujua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ng'ambo ya Msumbiji.

Boma ndilo lililokuwa jicho la mpango huo wote. Kwa hiyo atakayelitazama kama jumba zuri jeupe tu, la kupigia picha za harusi, amelitazama nusu. Kuta zile nene hazikujengwa kwa ajili ya joto. Upande wa pili yapo magofu ya gereza, miti ikiwa imeota ndani yake, na ni vizuri mgeni ayaone yote mawili siku moja, kwani hata zamani hayakutenganishwa.

Waingereza waliirithi nchi baada ya vita, na Boma nalo wakalirithi. Kilichoua Mikindani hakikuwa bunduki bali kina cha maji. Ghuba yake iliwafaa majahazi, si meli kubwa. Baada ya vita vya pili Waingereza waliingia katika ule mradi wao mkubwa wa karanga, wakataka bandari ya kupakia mavuno ya Nachingwea. Walichagua Mtwara, penye maji ya kina karibu na ufuko. Mwaka 1947 makao ya utawala yalihamishiwa huko.

Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa mapema miaka ya 1960, lakini bandari ilibaki. Leo Mtwara ndiyo inayosafirisha korosho na kupokea malori. Mikindani ilibaki na nyumba zake, wavuvi wake na jengo tupu kilimani. Kilomita 10 tu zilitosha. Mwenye duka stendi akisikia kwamba stendi itahamishwa, halali usingizi, na ana sababu.

Chokaa si saruji

Boma liliendelea kutumiwa na ofisi za serikali kwa muda, kisha likaachwa. Kufikia miaka ya 1990 paa lilikuwa limeharibika na mvua ilikuwa ikiingia ndani. Kwa jengo la matumbawe huo ndio mwanzo wa mwisho. Ukuta wa namna hii unaweza kusimama karne nyingi ukiwa na kofia nzuri juu yake. Ukiivua, maji hupenya kutoka juu, chokaa inalainika, mawe yanaachana, na mizizi ya miti inamalizia kazi.

Mwishoni mwa muongo huo shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilikubaliana na serikali kulichukua jengo, kulikarabati na kulifanya hoteli ambayo mapato yake yangesaidia mji. Vijana wa Mikindani walifundishwa kazi hapo. Wengine walijifunza upishi na kuhudumia wageni, wengine ujenzi wa kizamani.

Hilo la ujenzi lina uzito kuliko linavyoonekana. Fundi wa leo akiitwa kuziba ufa huja na mfuko wa saruji. Kwenye ukuta wa matumbawe saruji ni dawa inayomuua mgonjwa. Ukuta wa kale hunywa unyevu na chumvi ya bahari, kisha huutoa kupitia chokaa. Ukiupiga plasta ya saruji umeuziba pua. Unyevu unakwama ndani, chumvi inajikusanya, na baada ya misimu michache plasta inabanduka ikiwa imeshika vipande vya ukuta. Chokaa ya asili hutaka subira. Matumbawe huchomwa juu ya rundo la magogo, unga wake hulowekwa na kuachwa uive, ndipo huchanganywa na mchanga. Kazi hiyo ilikuwa inakaribia kusahaulika mjini. Ukarabati wa Boma uliipa mshahara, na ujuzi wenye mshahara haufi upesi.

Kilichoshindikana kinaonekana ukishuka tena mjini. Zipo nyumba zilizookolewa, lakini hatua chache mbele kuna ghorofa ambayo roshani yake inaning'inia, na nyingine iliyobaki ukuta mmoja wenye tundu la dirisha linalotazama bahari. Nyingi ni mali za urithi. Warithi wametawanyika, mmoja akitaka kuuza, mwingine kujenga, wa tatu hapatikani kwenye simu. Katika hali hiyo nyumba haina mwenyewe mpaka siku itakapoanguka, na siku hiyo wenyewe wanajitokeza kugombea kiwanja.

Ngome nyingine za pwani zilipata riziki kwa njia tofauti. Ile ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza mpaka 1984, kisha ikawa makumbusho na maktaba. Fort Jesus ya Mombasa nayo ilipitia ujela kabla ya kuwa makumbusho. Hata neno lenyewe gereza tulilipata kwa Wareno, ambao kwao igreja ni kanisa. Namna kanisa lilivyogeuka jela ni habari ndefu. Huko Ibo, Msumbiji, ngome ya nyota ya São João Baptista, iliyojengwa mwaka 1791, imekuwa karakana ya masonara wa fedha, wanaofua vikuku na mikufu mlangoni mwake. Kwa mtu wa biashara huenda Ibo ndiyo iliyopata jibu zuri zaidi, maana ngome yake huingiwa na anayeuza pamoja na anayenunua.

Hoteli ina udhaifu wake. Inaishi kwa mgeni wa mbali, na mgeni wa mbali huogopa upesi. Vita vilivyoanza Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017, kisha shambulio la Palma la Machi 2021, viliitia kusini yote ya Tanzania katika orodha ya maeneo ambayo balozi huwaonya raia wao. Katikati ya hayo ukaja ugonjwa wa korona. Mfanyabiashara wa Ruvuma aliumia pia, tena zaidi, na wapo waliopoteza mtaji na ndugu. Tofauti ni kwamba yeye hurudi. Njia ikifunguka wiki hii, wiki ijayo yuko kivukoni na magunia. Mtalii aliyeahirisha safari huenda akapelekwa na wakala wake nchi nyingine maisha yake yote.

Hapo ndipo swali la Boma linapomgusa msomaji wa mpakani. Bei ya usiku mmoja katika jumba kama hili si bei ya gesti ya stendi, na haitarajiwi mtu mwenye mtaji wa marobota mawili aitumie kulalia. Lakini vikundi vya wafanyabiashara na mawakala wa forodha hukutana kila mara, na mara nyingi hukodi kumbi zisizo na dirisha wala habari ya kusimulia. Katika ukumbi wa mikutano wa Boma wangeketi palepale ambapo babu zao waliitwa kuhesabiwa vibanda. Wenye hoteli nao wana lao la kufanya. Nyumba iliyojitangaza kwa Kiingereza kwa wageni wa London na kumsahau mnunuzi wa korosho wa Masasi, au mama wa vitenge wa Moeda, imemsahau jirani ambaye haogopi barabara hii. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za SADC, ambayo Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama. Kibao cha maelezo cha Kiswahili ukutani hakigharimu sana.

Wasafiri wa mbali zaidi magharibi siku hizi wana Daraja la Umoja la Mtambaswala, mita 720, lililofunguliwa mwezi Mei 2010. Ni barabara ndefu kufika Mikindani kutoka huko, lakini wanaoshuka hadi bandarini Mtwara na mzigo wa kusubiri meli mara nyingi wana siku moja au mbili mikononi.

Anayetaka kufika hahitaji gari la kukodi. Daladala za Mtwara na Mikindani hukimbia kutwa nzima, na kutoka barabarani hadi mlango wa Boma ni mwendo mfupi wa kupanda. Anayetaka kulala au kula chakula cha mchana apige simu kwanza, kwani jiko la hoteli ndogo halipikii wasiojulikana. Asubuhi ni bora kuliko mchana. Maji yakiwa yamejaa ghuba inapendeza zaidi, na nahodha yeyote ufukoni atakutajia saa yake. Atafutwe kijana wa hapohapo wa kutembeza, alipwe haki yake, na aombwe aanzie gerezani, apite sokoni, ndipo amalizie mnarani. Na aliye na haraka ya kivuko, basi la kuelekea Mtwara husimama palepale chini ya kilima, konda akipiga ubavu wa gari kwa kiganja.